Wafu wa Shilingi Ishirini

MWENDESHA BODA: Boss, leo nirudishie ishirini yangu. Uliandika "ZOMBI" kwenye ubao kwa chaki nyekundu, tukajaza mabenchi, kisha ukatuwekea picha ya mwaka 1968 isiyo na rangi hata tone. Hao zombi wenyewe wanajikokota, mikono inaning'inia. Mtu aliyebeba mtungi wa gesi anaweza kuwapita bila kuhema. Mmoja amevaa suti. Kilicholipuka ni pikapu moja tu. Na steringi anapigwa risasi moja, basi, kwisha. Steringi hafi, boss. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

MWENYE BANDA: Pesa ya mlangoni hairudi. Tena waliokasirika kweli walitoka kabla ya nusu, wewe ulikaa mpaka majina ya mwisho yakapita. Night of the Living Dead ndiyo mama wa hao zombi unaowapenda, wanaokimbia na kupanda kuta. Kabla ya George Romero na wenzake wa Pittsburgh, zombi wa sinema alikuwa maskini aliyerogwa Haiti, akafanywa mtumwa kwenye kiwanda cha sukari. Hali mtu, anasukuma gurudumu tu. Romero ndiye aliyewainua wafu kwa wingi, akawapa njaa ya nyama ya watu, akatoa na dawa yao: piga kichwa. Unachokijua juu ya zombi kimetoka humo, hata kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuiona.

MWENDESHA BODA: Babu yangu ndiye chimbuko langu, lakini siwezi kulipa ishirini nimtazame akitembea.

MPIGA VIDEO: Kaka, pima kazi kwa mfuko wake. Wale walikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya biashara. Walianza kwa chama cha watu 10, kila mmoja akatoa dola 600, na mpaka filamu inaisha ilikuwa imekula kama dola 114,000. Kwa watu wa Hollywood hizo ni za chai. Damu ni sharubati ya chokoleti. Picha haina rangi, nani atajua? Nyama ililetwa na mwekezaji mwenye bucha. Nyumba ilikuwa inangoja kubomolewa, ndiyo maana waligongomea mbao popote walipotaka. Mazombi ni marafiki, majirani, na wateja wao wa matangazo. Wewe unamdharau aliyevaa suti. Pengine ilikuwa suti yake ya kazini.

MWENDESHA BODA: Hizo risiti awapelekee wenye chama. Mimi sikununua bajeti, nilinunua hofu. Nilitaka leo usiku mteja akiniita Ponda Mali nikatae kwenda. Badala yake nimetoka na miayo.

MAMA MBOGA: Miayo yako ni ya uchovu, mwanangu. Mimi sikupiga hata mmoja.

MWENDESHA BODA: Mama, wewe ulikuwa hapo mlangoni unakata sukuma.

MAMA MBOGA: Nilikuwa mlangoni, na kisu nilikiweka chini. Endeleeni. Zamu yangu itafika.

MWENYE BANDA: Mimi niliichagua kwa sababu nyingine ambayo hamkuiuliza. Ile filamu haina mwenyewe. Iliitwa kwanza Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipobadilisha jina, alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la zamani ikaondoka nalo, jipya likawekwa bila alama. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi ikawa mali ya kila mtu. Filamu ikaingiza mamilioni, waliofaidi ni wengine, na chama cha watu 10 kikabaki kufukuzana na kesi. Sasa mimi mtu wa Rhonda, hapa Nakuru, ninaionyesha bila kumwogopa mtu. Hizo zenu za kujaziwa kwenye flashi, siku watu wa Bodi ya Filamu wakipita hapa wakiuliza leseni, ni nani atakayelala ndani? Si nyinyi.

MPIGA VIDEO: Kwa hiyo uliichagua kwa sababu ni ya bure.

MWENYE BANDA: Niliichagua kwa sababu ni nzuri, nikairudia kwa sababu ni ya bure. Stima silipi kwa sanaa.

MWENDESHA BODA: Basi ungetafuta iliyopitiwa na DJ Afro. Akiingia pale juu na Kiswahili chake, hata filamu mbovu inasimama. Angemwambia yule mzee mwenye kipara ateremke kwenye shimo lake atuache. Angewapa mazombi majina ya kwetu. Tungecheka, na ishirini ingekuwa na kazi.

MPIGA VIDEO: Hapo ndipo ungeiua. Ile filamu inakaa kimya makusudi. Unasikia misumari, unasikia redio, unasikia nyasi zinakanyagwa nje. Ukimweka mtu anayechekesha juu yake, unamwambia mtazamaji kwamba hakuna hatari, DJ yuko nasi.

MWENDESHA BODA: Na hakukuwa na hatari! Dairekta, ngoja nikuulize. Wewe unasema nimsamehe Romero kwa sababu hakuwa na pesa. Vizuri. Jamaa wa Wakaliga, Kampala, alikuwa nazo? Nabwana, yule wa Who Killed Captain Alex? Wanasema ilitengenezwa kwa chini ya dola 200, mwaka 2010, kompyuta ya kuungaunga, bunduki za vyuma chakavu zilizochomelewa mtaani, damu ni kondomu iliyojazwa maji ya rangi. Na bado alinipa helikopta. Alinilipulia Kampala nzima. Nimeitazama na sijui nitaitazama mara ngapi tena. Kwa hiyo usiniambie pesa. Aliyekuwa na kidogo zaidi alinipa zaidi.

MWENYE BANDA: Hapo amekubana.

MPIGA VIDEO: Hajanibana. Uliogopa?

MWENDESHA BODA: Wapi? Nilifurahi.

MPIGA VIDEO: Unaona? Helikopta ya Nabwana ni ya kuchorwa kwenye kompyuta, inajulikana ni ya kuchorwa, na utamu uko hapo hapo kwenye kujulikana. VJ Emmie anapiga kelele juu yake tangu mwanzo mpaka mwisho, wala huwezi kumtoa, kwa sababu nakala isiyo na sauti yake Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta. Ile ni sherehe. Ukosefu wa pesa umegeuzwa ngoma na sote tumeingia kucheza. Romero alikwenda njia nyingine. Hakuwa na uwezo wa kununua jini, akachukua watu. Mtu wa kawaida, amevaa nguo zake, uso wake, ila hakujui tena. Hiyo haigharimu kitu, na mimi ndiyo inayonitisha kuliko jini lolote.

MWENDESHA BODA: Wewe unatishika upesi. Umepiga mazishi mengi.

(Mpiga video huyu hula kwa harusi, ruracio za mahari na mazishi, na ni kweli kwamba mazishi ndiyo yanayolipa mwaka mzima.)

MPIGA VIDEO: Nimepiga mengi, ndiyo. Tena sikiliza. Kuna Mwingereza, Marc Price, alitengeneza filamu ya zombi inayoitwa Colin mwaka 2008 kwa pauni 45. Kamera inamfuata zombi mwenyewe, si wanaomkimbia. Ikafika mpaka soko la filamu la Cannes. Wajapani nao wana One Cut of the Dead, yen milioni 3. Dakika 37 za kwanza ni takataka tupu, kamera inatikisika, waigizaji wanasahau maneno, unataka kutoka. Ukitoka umekosa, kwa sababu baada ya hapo wanakuonyesha kwa nini ilikuwa takataka, na unacheka mpaka unalia. Watazamaji wa aina yako wangetoka dakika ya 20.

MWENDESHA BODA: Na wangekuwa na haki. Mwenye filamu hana ruhusa ya kunipotezea nusu saa kwa ahadi.

MWENYE BANDA: Mimi kama mfanyabiashara nasimama na boda hapo. Mtu akitoka harudi kusikiliza maelezo.

MPIGA VIDEO: Sawa. Wekeni hizo pembeni, kwa sababu kuna moja ambayo siwezi kuiweka pembeni. Ojuju, ya Nigeria, mwaka 2014. C.J. Obasi aliipiga bila bajeti. Ni mtaa wa mabanda Lagos, njia ya kuingia ni moja na ya kutoka ni hiyo hiyo. Maji ya mtaa yana kitu. Wanaoyanywa wanageuka. Steringi anaitwa Romero, kwa heshima ya mzee, na mwanamke wake ana mimba. Wakaipa tuzo ya filamu bora ya Nigeria kwenye tamasha la AFRIFF mwaka huo huo. Obasi huyo huyo ndiye aliyekwenda na Mami Wata mpaka Sundance mwaka 2023 na kurudi na tuzo. Alianzia kwenye vichochoro vya mtaa. Nilipoitazama niliona Rhonda. Nikaona jinsi tunavyobanwa, upande huu Kaptembwo, upande ule Mwariki, na chini kule hifadhi ya ziwa na uzio wake wa stima. Zombi wakija kutoka juu, tunakimbilia wapi? Kwa nyati?

MWENYE BANDA: Hiyo ningeionyesha. Uzio wa mbuga usiku, watu wamebanwa katikati. Hiyo inauza.

MPIGA VIDEO: Na kisa cha maji tunacho, hatuhitaji kukitunga. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi kuliko kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinavuka hapo. Dayosisi ya Kikatoliki hapa Nakuru imeyachuja kwa miaka kwa mkaa wa mifupa: wanachoma mifupa ya ng'ombe tanuruni, wanaisaga, maji yanapita humo yanatoka salama. Maji yaliyopita kwenye mifupa! Mungu akupe nini tena? Na mapambo ya uso hayahitajiki. Meno tayari ni ya kahawia. Unamwambia mtu afungue mdomo tu mbele ya kamera.

MWENDESHA BODA: Rudia hiyo.

MPIGA VIDEO: Nasema kisanaa.

MWENDESHA BODA: Rudia kisanaa. Nani afungue mdomo? Mimi? Nimezaliwa hapa, haya ni meno ya hapa. Nilikwenda kutafuta kazi ya uhudumu kwenye hoteli moja mjini, yule mama wa kuajiri akanitazama mdomo kabla ya karatasi, akasema wateja wataona sipigi mswaki. Mimi napiga mswaki mara mbili. Sasa wewe, ambaye meno yako ni meupe kwa sababu ulihamia hapa ukiwa mtu mzima na yalikuwa yameshaota, unataka kuniweka kwenye skrini niwe ndiye kitu cha kuogopwa?

MPIGA VIDEO: Nataka waone maji yanatufanya nini.

MWENDESHA BODA: Wataona mdomo wangu. Maji hayaonekani kwenye kamera.

MAMA MBOGA: Wa pili wangu hacheki kwenye picha. Tangu darasa la sita anafunga midomo hivi. Ukimwambia acheke anaziba kwa mkono. Hiyo ndiyo utampa? Kwamba ule ugonjwa wake wa kuonea haya sasa una muziki wa kutisha nyuma yake?

MPIGA VIDEO: Obasi alichukua shida ya kweli ya mtaa...

MAMA MBOGA: Alichukua maji. Hukusema alichukua meno.

(Mpiga video alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Mimi ninayeandika niko upande wa boda kwenye hili, na sidhani ni jambo la kupimwa mizani.)

MWENYE BANDA: Lakini tusiitupe filamu yote kwa sababu ya meno. Kwani lazima sababu ijulikane? Kwenye ile ya leo, sababu iko wapi? Mtangazaji anataja chombo kilichotoka Venus na mionzi, wakubwa wanabishana mbele ya kamera, na hakuna anayethibitisha. Wafu wameamka, basi. Acha floridi na mifupa, anza tu asubuhi watu wamegeuka.

MPIGA VIDEO: Naweza kuanza hivyo. Usiku mmoja, nyumba moja, watu saba wasiojuana wamejifungia. Mlango wa mabati. Nje wanagonga.

MAMA MBOGA: Wanagonga mlango wa mabati.

MPIGA VIDEO: Ndiyo. Sauti yake peke yake inatosha, sihitaji hata kuwaonyesha.

MAMA MBOGA: Unajua zamu yangu ndiyo imefika?

MPIGA VIDEO: Karibu, mama.

MAMA MBOGA: Wewe ulifika Rhonda lini?

MPIGA VIDEO: Baada ya Nakuru kuwa jiji. 2022.

MAMA MBOGA: Mimi nilikuwa hapa Januari ya 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Huyu wa boda alikuwa mtoto, muulize kama anakumbuka.

MWENDESHA BODA: Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka tulilala chini ya kitanda na magodoro yamewekwa mlangoni. Nakumbuka moshi. Mengine sijui kama niliyaona au nilisimuliwa.

MAMA MBOGA: Mwisho wa mwezi ule, Rhonda, Kaptembwo, Mwariki, mji mzima kafyu. Waliokuja kugonga mabati hawakuwa wafu. Mmoja nilimjua kwa viatu, alikuwa akinunua nyanya kwangu. Ndiyo maana nawaambia sikupiga miayo. Boda anasema mazombi hawakimbii, si kitu. Mimi nilitazama kidogo nikaona kweli, hao wagonjwa wanajikokota, haya. Kisha kukapambazuka. Wakaja wale wanaume wazima, wamepumzika, wana bunduki na mbwa, wanakunywa kahawa, wanatembea shambani wanamaliza mmoja mmoja. Yule kijana mweusi amepigana usiku kucha, amebaki peke yake, anachungulia dirishani aone waliokuja kumwokoa. Wakampiga palepale. Halafu wakamburura kwa ndoana za bucha wakamweka kwenye moto na wengine. Picha zikawa zimesimama, hazitembei, zile za magazetini. Dakika tano zile. Hapo hapakuwa na zombi hata mmoja, na ndipo nilipoweka kisu chini.

MWENDESHA BODA: Mimi hapo nilikasirika kwa sababu steringi amekufa.

MAMA MBOGA: Ulikasirika vizuri.

MPIGA VIDEO: Mama, hilo ndilo ninalotaka kusema. Duane Jones, aliyecheza yule kijana, alikuwa Mmarekani mweusi. Romero alisema siku zote kwamba walimpa nafasi kwa sababu ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wengine kwenye majaribio, na maandiko hayakutaja rangi. Lakini Aprili 1968, wakipeleka filamu New York kwa gari kutafuta msambazaji, wakasikia redioni Martin Luther King ameuawa. Ilipotoka Oktoba hakuna aliyeweza kuuona ule mwisho kwa macho mengine. Hawakuhubiri, watazamaji ndio waliokuja na nchi yao ukumbini. Rhonda ingekuwa vivyo hivyo. Sitataja kabila, sitataja chama. Wanaojua watajua.

MWENYE BANDA: Na mimi nitakuwa nimeketi nao kwenye chumba kimoja, taa zimezimwa. Umefikiria hilo? Benchi langu la mbele na la nyuma hawakupiga kura pamoja mwaka ule. Leo wanaazimana chaja. Sitaki mtu wa Tume ya Uwiano aje kuniuliza kwa nini nilionyesha, lakini hata yeye si tatizo. Tatizo ni pale mtu atakapocheka mahali ambapo jirani yake amenyamaza.

MPIGA VIDEO: Judy Kibinge alishatengeneza Something Necessary mwaka 2013, juu ya mama aliyepoteza mume kwenye ghasia zile na kijana aliyekuwa kwenye genge. Nchi haikuvunjika.

MWENYE BANDA: Hapa Rhonda ni nani aliyeiona? Nyoosheni mikono. Unaona? Zile zinaonyeshwa Nairobi kwenye viti vya kitambaa, watu wanapiga makofi, kuna majadiliano na vitafunio. Hatari ya filamu haiko kwenye filamu, iko kwenye nani ameketi karibu na nani.

MPIGA VIDEO: Hiyo ni sababu ya kuionyesha hapa!

MWENYE BANDA: Kwa hela ya nani, na mabati ya nani yakivunjwa?

MWENDESHA BODA: Subirini. Kuna kitu kwenye ile filamu kimenikaa tangu mama aanze kusema. Yule mzee mwenye kipara, Cooper. Nilimchukia. Mkali, mwoga, anamficha mkewe na mtoto kule chini, anasema tufunge mlango wa shimo tukae huko mpaka asubuhi. Ben, yule steringi, anakataa, anasema shimo ni mtego, tukae juu tuone njia za kutokea. Sote tukawa upande wa Ben. Mwishowe wote wamekufa, na Ben anaponea wapi? Kwenye shimo. Kwa hiyo Cooper alikuwa sahihi.

MWENYE BANDA: Miaka yote nimeitazama sijawahi kulisema hilo kwa sauti.

MPIGA VIDEO: Filamu yenyewe haisemi. Haimgeukii mtu na kumwambia ulikosea.

MWENDESHA BODA: Basi hiyo imenishika. Kwa sababu sinema nilizozoea, mtu mbaya ana wazo baya. Huyu ni mtu mbaya mwenye wazo zuri. Au zuri kwa bahati, kwa sababu mtoto wake mwenyewe aligeuka kule kule chini akamla. Kwa hiyo lilikuwa zuri au baya?

MAMA MBOGA: Sisi tuliulizana hivyo hivyo. Baba ya watoto alisema tukae ndani, tuzime taa, hakuna atakayejua. Dada yangu akasema twende Uwanja wa Maonyesho, askari wako huko. Wengine walikwenda Afraha. Kuna waliokaa wakapona, kuna waliokaa wakachomewa. Kuna waliotoka wakafika, na kuna waliokutana na kizuizi njiani wakaitishwa kitambulisho, jina likasomwa. Baadaye kila aliyepona alisimulia kana kwamba alikuwa na akili. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa 1,133 nchi nzima, na mimi nakuhakikishia wale 1,133 nao walikuwa wamefikiri.

MWENYE BANDA: Na nyinyi mlifanya nini?

MAMA MBOGA: Tulikaa. Sitakwambia mengine.

MPIGA VIDEO: Mama, kwa heshima, sasa umeniambia filamu nzima. Watu saba, mlango wa mabati, wawili wanabishana kukaa au kutoka, na hakuna aliye mjinga. Nitaitengeneza bila floridi, bila meno. Nitaitengeneza hata kwa simu.

MAMA MBOGA: Sijakukataza. Umesikia mahali popote nimekukataza? Nilikataa meno.

MWENYE BANDA: Mimi nasema asubiri uchaguzi wa 2027 upite.

MPIGA VIDEO: Ukipita utasema nisubiri 2032. Hapa kila wakati ni kabla ya uchaguzi.

MWENDESHA BODA: Na uweke vichekesho kidogo, dairekta. Watu waliojifungia hucheka. Tulicheka chini ya kitanda, hilo nakumbuka vizuri, ndugu yangu alijamba.

MPIGA VIDEO: Nitaweka. Mazombi nimeshapata, jukwaa lenu zima la boda limejiandikisha, kila mtu anataka kupakwa unga usoni. Ninachokosa ni mwisho. Kumepambazuka, mazombi wameisha, aliyepona anatoka kichochoroni akidhani mambo yametulia. Nahitaji wanaume watano wa kusimama pale barabarani, nguo zao za kila siku, na mmoja wao amwitishe kitambulisho. Hawasemi kingine. Kaka, uso wako ungefaa.

MWENDESHA BODA: Mimi niandike zombi.

MPIGA VIDEO: Lakini ulisema zombi wanajikokota, hawana kazi...

MWENDESHA BODA: Nitajikokota. Niandike zombi.

MPIGA VIDEO: Boss?

MWENYE BANDA: Mimi nitakupa banda usiku wa kwanza, na stima juu yangu. Barabarani sisimami.

MPIGA VIDEO: Ni kuigiza tu, jamani. Dakika mbili.

MAMA MBOGA: Wewe tafuta. Ukiwapata hao watano, uje uniambie ni akina nani.